Kuni za Arusi na Mikoko ya Hori



Ndugu zangu wapenzi, kuna deni ambalo nimelibeba shingoni kwa muda wa miaka mitatu, na juma hili nimeona nilitue mbele yenu. Deni lenyewe ni la kuni.

Nilipomuoza binti yangu wa kwanza, hapo Mtongwe, mpishi alikuja nyumbani wiki moja kabla ya walima, akaketi barazani na kunitajia mahitaji yake nami nikiandika. Mchele, nyama, viazi, samli, bizari, masufuria ya kukodi. Alipofika kwenye kuni alininyoshea kidole, kana kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa madogo. "Kuni ziwe za mkoko, mwanangu. Mwembe una moshi, utawatoa wageni machozi. Na ukipata mkandaa, huo ni bora zaidi." Sikumuuliza swali. Usiku wa kuamkia Ijumaa kuni zikaletwa, kwanza kwa mtumbwi hadi ufuoni, kisha kwa mikokoteni miwili hadi uani kwangu, zimefunikwa turubali. Nilijua kwa nini zimefunikwa, na nyinyi mnaosoma safu hii mwajua pia. Nikalipa, nikamshukuru Mola kwamba zimefika kavu. Karamu ilifana, watu wakala wakasaza, na hakuna aliyetoka machozi kwa moshi.

Miezi michache baadaye kikundi chetu cha darsa kilialikwa kwenda kupanda mikoko. Tulipewa fulana na kofia, tukapigwa picha, tukaingia matopeni tumekunja mabuibui yetu, tukicheka kama wasichana wa chuoni. Nyuma ya pale tulipokuwa tukipanda palikuwa na visiki vya kukatwa kwa shoka, vimejipanga hadi macho yanapoishia. Nilianza kuvihesabu. Nilipofika arubaini nikaacha. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye naye aliozesha mwaka ule ule, akaniambia taratibu, "Hizi ndizo arusi zetu, dada."

Alisema kwa utani, lakini tangu siku ile sijaweza kupita juu ya daraja la Mteza, ile barabara ya Dongo Kundu inapovuka hori, bila ya kuitazama miti ile chini kama mtu anayekutana na mwenye mali yake.

Wengi wetu huita mkoko kila mti uotao katika maji ya chumvi, ilhali wazee wetu walikuwa na jina la kila mmoja. Mlilana husimama mbele kabisa, ukikabili bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, kisha muia na mkandaa, na karibu na nchi kavu ni mchu, ambao huchomoza mizizi yake matopeni kama misumari iliyogeuzwa ncha juu. Wapo pia mkomafi, msikundazi na kikandaa. Kwa jumla aina tisa huota katika pwani ya Kenya. Na majina ya vipimo vya nguzo zake yangali darini mwa nyumba zetu za kale: fito, pau, boriti. Kila neno lilikuwa na unene wake uliojulikana na mfanyabiashara wa Lamu na mwenziwe wa Bara Arabu, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi mwaka wa 1982. Misitu hiyo imekuwa hifadhi ya serikali kisheria tangu mwaka wa 1932, kwa hiyo anayekata bila kibali, na anayenunua usiku chini ya turubali, hawezi kusema sheria imemjia ghafula.

Jambo ambalo mimi sikulijua, na ambalo lau ningelijua labda ningemjibu mpishi, ni hili. Mchu ukiukata, kisiki chake huchipua. Mkoko haufanyi hivyo. Ukikatwa chini ya matawi yenye majani, umekufa, na mahali pake patangoja mbegu iletwe na maji. Mbegu hiyo huota ingali imening'inia mtini, ndefu na kijani, hata ikianguka ni kama mtoto aliyezaliwa tayari anajua kusimama. Lakini ukuaji wake ni wa polepole. Pale Gazi, wilaya ya zamani ya Kwale, watafiti waliipima mikoko iliyopandwa ikiwa na umri wa miaka 12. Ilikuwa na urefu wa mita 8 na kitu, na unene wa wastani wa sentimita 6 hivi. Kwa lugha ya jikoni, miaka kumi na miwili ya mti hukupa kipande kisichozidi unene wa mkono wa mwanamke. Vile vilivyoletwa uani kwangu vilikuwa vinene zaidi, na tulivichoma kutoka alfajiri hadi adhuhuri.

Ama faida ya miti hii, sitaki kuwachosha kwa mambo ambayo watoto wenu wanasoma shuleni. Nitasema tu kwamba mizizi ile ni kitalu cha kitoweo. Kamba, kaa wa matope na makinda ya samaki wengi hujificha humo hadi wapate nguvu za kutoka nje. Anayelalamika sokoni Likoni au Kongowea kwamba fungu la samaki limepungua na bei imepanda, na aangalie pia upande wa hori. Mizizi hiyo hiyo hushika udongo unaoteremshwa na mvua, na tope lake limefukia hewa ya ukaa kwa miaka isiyohesabika. Ukiufyeka msitu, tope hutoka na hewa ile pia hutoka.

Sasa na tuitazame hali ya majirani zetu hawa. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, ule wa mwaka 2017 hadi 2027, unaipa Kenya nzima hekta 61,271, na katika hizo Mombasa ina 3,771 tu. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya nchi. Basi sisi wa bara ya Mombasa, kutoka Mtongwe na Port Reitz hadi Changamwe, Mikindani, Jomvu na mahori ya Kisauni, twaishi na kidogo, na kidogo chenyewe kimeumia. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za mwaka wa 1992 na za 2009 waliona kuwa hori la Tudor lilipoteza kama asilimia 87 ya mikoko yake, na hori la Mwache asilimia 45. Niliposomewa tarakimu hizo katika darsa niliomba zisomwe tena.

Insafu yanilazimu kusema kwamba si kuni zetu peke yake zilizofanya hayo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha mchanga na udongo kwa wingi katika Mwache, ukaifukia mizizi inayopumua, na msitu ukakauka ukiwa umesimama. Mwezi wa Aprili 2005 meli ilimwaga mafuta ghafi katika Port Reitz, na mikoko iliyopakwa mafuta hayo ikafa. Jaa la Kibarani lilimwaga taka kandokando ya maji kwa miaka na miaka kabla ya kufungwa. Maji machafu ya mitaa yetu, tukiwemo sisi wenye mashimo ya vyoo yanayojaa kila masika, huishia horini, tena pengine kwa magari ya kunyonya vyoo yanayofungua bomba usiku pasipo na mtu. Na wako wenye hati za viwanja ambazo ramani yake, maji yakijaa, huonekana imo baharini. Nimeyataja haya kwa sababu nimechoka kuona kila ajaye kutuhubiria mazingira anamnyoshea kidole mwanamke mwenye shoka na mtumbwi. Yeye ndiye mdogo kuliko wote katika orodha hii.

Lakini mafuta ya meli si yangu kuyazuia. Kuni za arusi ni zangu.

Turudi kwenye ile siku ya kupanda. Tulirudi mahali pale baada ya miezi minane, mara hii bila fulana na bila mpiga picha, na miche tuliyoikuta imesimama ingeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono miwili. Mingine ilikuwa imefunikwa na matambara na chupa, mingine imeliwa na mbuzi, na mingi haikuwapo kabisa. Mvuvi mmoja mzee alitukuta tumeinamia matope tukitafuta. Akasema kwa upole, "Mama zangu, hapa ni mahali pa mlilana, nanyi mmepanda mkoko. Hapa maji hayaupi nafasi ya kushika." Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye wala mwenzake yeyote kabla ya siku ile. Mbegu za mkoko ndizo rahisi kuokota na ndizo nzuri katika picha, basi zikachomekwa popote palipokuwa na tope tupu. Tope tupu huenda liko tupu kwa sababu yake. Na mahali ambapo palikuwa na msitu wa kweli ukakatwa, mara nyingi patajirudia penyewe iwapo miti ya kutoa mbegu ipo, maji yanapita vizuri na watu wameacha kukata. Sehemu ile ya tatu ndiyo ngumu, nayo haina fulana.

Ndipo tukaanza kuuliza habari za Gazi. Kijiji hicho kiko kusini mwetu, mwendo usiozidi asubuhi moja kutoka Likoni, na watu wake ni kama sisi kwa dini na kwa chakula. Msitu wao nao ulikatwa vibaya katika miaka ya 1970, ukawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Mapema katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ikishirikiana na wanakijiji, ilianza kupanda upya. Lakini mradi unaotajwa duniani leo, Mikoko Pamoja, ulianza mwaka wa 2013. Watu wa Gazi na Makongeni waliingia katika makubaliano ya kulinda hekta 117 za mikoko, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa hapo, kama tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa kwa watu na mashirika ya nje wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Fedha huingia katika mfuko wa kijiji, na wanakijiji wenyewe huketi na kuamua zitumike wapi. Zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Mwaka wa 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, nao wakafuata mfano huo kwa msitu mkubwa zaidi, wa hekta 460.

Wapo waliouliza katika darsa, je, yafaa kuuza hewa? Unauza nini hasa, na mnunuzi anaondoka na nini mkononi? Swali zuri, nalo nimewaachia masheikh wetu, kwani mimi si mwanachuoni. Binafsi jambo lililonishughulisha zaidi ni jingine, na katika habari nyingi za Gazi hutajwa kwa mstari mmoja tu. Walipokubaliana kutokata mikoko, walipanda mivinje. Walijua kwamba mahitaji ya nguzo na kuni hayataondoka kwa sababu ya kutiwa saini kwa karatasi, na kwamba usipompa mtu mti wa kukata atakata ule ule uliomkataza, au ataenda kukata wa jirani. Mvinje hukua haraka, hunyooka, hufaa kwa kujengea na huwaka vizuri. Kina mama wa Gazi nao, tangu miaka ya kati ya 2000, wana njia yao ya mbao inayopita ndani ya mikoko. Wageni hulipa kuitembelea, hupikiwa chakula cha Kiswahili, na kina mama hupata riziki ambayo inategemea miti ikiwa imesimama.

Mtaniambia kwamba Gazi ni kijiji na sisi tu mji, nami nakubali. Kijijini kila mtu amjua mwenye shoka ni mtoto wa nani. Kwetu nusu ya mtaa ni wapangaji, na aliyeamka leo Mikindani huenda kesho amehamia Bamburi. Hata hivyo wapo wanaojaribu papa hapa. Mikindani kuna jumuiya ya Big Ship, ambayo imekuwa ikirudisha mikoko ya hori la Tudor. Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu, kuna kina mama waliojiunga katika uvuvi na utunzaji wa mikoko. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 yaruhusu wananchi waunde jumuiya ya msitu na kuingia katika makubaliano na idara ya misitu ya kuulinda na kunufaika nao, na wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia fuo. Mlango upo. Nilipouliza katika darsa letu ni nani aliyewahi kuhudhuria mkutano wowote wa vikundi hivyo, mkono mmoja uliinuka, na aliyeuinua alikuwa amekwenda kumpelekea mumewe simu.

Baada ya hayo nilimtafuta aliyeniuzia kuni. Haikuwa vigumu. Ni mjane, ana watoto wanne, na mtumbwi ni wa kakake. Nilimkuta akikausha dagaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya nasaha, na Alhamdulillahi sikuyatoa, kwa sababu yeye alianza. "Dada, mwaja kunikataza sasa? Mwaka ule wa arusi yako ulinituma mtoto mara mbili uone kama kuni ziko tayari." Nikanyamaza. Akaniambia kwamba zamani alikuwa akiokota zilizokauka tu, akizijaza mtumbwi kwa maji mamoja. Siku hizi hata awahi vipi zilizokauka hazipatikani, basi hukata mbichi na kuzianika. Wakati wa bamvua huingia ndani zaidi ya hori, huko alikokuwa haendi, na mara mbili maji yamemkupwia akalala matopeni na mbu hadi maji yalipojaa tena. Wateja wake wakubwa, akasema, si wapika mahamri wala wauza viazi vya karai. Hao hununua kwa furushi. Ni arusi. Arusi moja ni mapato ya mwezi.

Nikamuuliza, lau pangekuwa na kuni nyingine za kuuza, angeziuza? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi nauza kuni. Sijawahi kusema nauza mkoko."

Jibu hilo nililipeleka kwa ustadh wetu wa darsa. Yeye alitukumbusha mafunzo ya Bwana Mtume (s.a.w.) kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu hushirikiana, na akatueleza kwamba ushirika huo hauna maana ya kila mtu kujichotea hadi kiishe, bali mwenye kujichotea kupita kiasi amemdhulumu mshirika wake. Akataja aya ya 41 ya Suratur-Rum, inayohusisha uharibifu wa nchi kavu na bahari na matendo ya watu wenyewe. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Walima, alisema, ni sunna hata kwa mbuzi mmoja. Hakuna aliyetulazimisha kupika masufuria kumi na mawili. Kina mama tukatazamana, maana masufuria kumi na mawili yalikuwa yangu, naye ustadh alikula humo.

Tulikaa baada ya darsa hadi alasiri tukizungumza, na mazungumzo yakawa makali. Mwenzetu mmoja alisema turahisishe, tukodi majiko makubwa ya gesi, yaishe. Wengine wakasema gesi ni ghali kwa mwenye arusi maskini, na tutakuwa tumeihifadhi mikoko kwa kumuongezea masikini mzigo. Mama mkubwa wangu, ambaye amekula pilau nyingi kuliko sote, akasema pilau ya gesi haina harufu na haina ukoko, na yeye hataitwa kwenye arusi isiyo na ukoko. Mtu asidhani hilo ni jambo dogo. Mambo mengi ya kheri yamekwama pwani hii kwa sababu walioyaleta hawakuuliza habari za ukoko.

Basi nikamwita mpishi yule yule. Mpwa wangu anaolewa Mfunguo Mosi, inshaallah, na walima ni papo Mtongwe. Nilimuuliza kinaganaga afanyiani mkoko, na akanifundisha zaidi ya nilivyojifunza katika semina zote. Kuna moto wa namna mbili, alisema. Kuna moto wa kuchemshia, ambao ni mkubwa na wa kelele, nao hauchagui sana kuni. Na kuna moto wa kukaushia, pale maji yanapokwisha na sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa juu na chini. Huo ndio unaotaka makaa mazito yasiyozimika haraka, na ndio sababu ya yeye kudai mkoko. "Gesi ni moto wa chini tu, mwanangu. Na pilau yataka moto wa juu."

"Na ukipata makaa ya vifuu vya nazi kwa moto wa juu, Ami?"

Alifikiri. Akasema babake alikuwa akitumia vifuu, wakati nazi zilipokuwa zikikunwa kila nyumba, na kwamba makaa yake ni makali, hufa upesi kidogo kuliko ya mkoko, lakini mtu akikaa macho yafaa. Kwa moto wa kuchemshia angekubali mvinje, ukiwa umekauka kweli kweli, miezi mitatu si wiki tatu. Mvinje mbichi, alisema, atauacha uani pamoja na mchele wangu.

Hivyo ndivyo tulivyopatana. Mvinje unatoka kwa mkulima mmoja upande wa Kwale ambaye hupunguza shamba lake kila mwaka na huuza matawi na ncha ambazo hazifai kwa nguzo. Muuza kuni wetu amekwenda mwenyewe kumuona, akapatana naye bei, na mzigo wa kwanza umeletwa mchana, kwa gari, bila turubali. Umepangwa nyuma ya nyumba yake unakauka. Hesabu yake haijanona. Nauli inakula faida, na kwa furushi lile lile anapata pungufu kuliko alivyokuwa akipata kwa mkoko, ambao hakuulipia chochote ila mgongo wake. Kikundi kimekubali kuongeza kidogo katika bei kwa arusi zetu tatu zilizoandikishwa mwaka huu, na kumkopesha nauli ya mzigo wa pili bila ya riba. Baada ya arusi hizo tatu, Mungu ndiye ajuaye. Vifuu tunakusanya sisi kwa sisi. Mwenye kukuna nazi asivitupe, awape watoto wavilete darsani Alhamisi, gunia liko mlangoni. Mpaka sasa tuna magunia matano, na mpishi anataka manane.

Mama mkubwa ameahidi kuja. Amesema atakula, kisha ataomba aonyeshwe chini ya sufuria.